Vifuko viwili, sufuria moja: namna ya kufanya jaribio la kisayansi jikoni kwako

Kila nyumba ina mtaalamu wake wa maharage. Yupo anayeapa kwamba usipoloweka usiku kucha utamaliza debe zima la mkaa. Yupo anayesema kuloweka ni kujichosha, tia magadi. Na yupo anayewacheka wote wawili: siri, anasema, ni kuongeza maji ya baridi kidogo kidogo wakati sufuria inatokota. Kila mmoja ana ushahidi. "Jana nililoweka, mbona yaliiva upesi?"

Haya, jana uliloweka. Lakini jana mkaa pia ulikuwa mkavu, maharage yalitoka duka jingine, sufuria ilikuwa na mfuniko wake, na wewe ulikuwa umeshiba, kwa hiyo hukuwa ukitazama saa kila dakika tano. Kati ya yote hayo, lipi liliivisha maharage?

Mwongozo huu ni wa kulitenga jambo moja na mengine yaliyoandamana nalo. Maabara haihitajiki. Unahitaji sufuria, maharage, kitambaa, saa ya simu, daftari na Jumamosi tatu. Nimechagua maharage kwa sababu yanapikwa kila mahali, na kwa sababu nimeyakosea mara nyingi kiasi cha kuijua mitego yake.

Hatua ya 1: Lifinye swali

"Maharage haya hayaivi" ni lalamiko. "Kwa nini maharage hayaivi?" ni swali, ila ni pana mno. Huenda ni makongwe: maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hugoma kulainika hata uyachemshe mchana kutwa. Huenda ni maji: visima vingi vya Pwani na Unguja vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa nyingi, na chokaa huyafanya maharage yakaze. Huenda ni aina ya mbegu. Huenda ni moto. Huenda ni mahali ulipo, na hilo nitalirudia.

Lifinye mpaka liwe hivi: *Maharage ya njano ya gunia hili, yaliyolowekwa tangu saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi, yanaiva kwa dakika chache kuliko yale yale yasiyolowekwa?*

Sasa kuna vitu viwili vinavyoonekana wazi: kimoja unachokibadili kwa makusudi (kuloweka au kutoloweka) na kimoja unachokipima (dakika). Vitabu vya utafiti huviita kigeu huru na kigeu tegemezi. Majina si muhimu sana. Muhimu ni kwamba ukishindwa kuvitaja vyote viwili kwa sentensi moja, swali lako bado bichi, usiwashe jiko.

Hatua ya 2: Andika unachotarajia, kwa wino

Kabla ya kugusa sufuria, andika kwenye daftari unadhani nini kitatokea na kwa nini. Hiyo ndiyo nadharia tete. Kwa mfano: "Naona yaliyolowekwa yatatangulia kwa nusu saa au zaidi, kwa kuwa maji yameshaingia ndani ya punje, hivyo jikoni yanasubiri joto tu."

Chini yake ongeza mstari wa pili, ambao watu wengi huuruka: "Yakitangulia kwa chini ya dakika 10, au yakichelewa, nitakubali kwamba nilikosea." Huo mstari ndio unaokubana. Bila huo, ukimaliza kupika utapata dakika nne za tofauti na kujitangazia ushindi, na zikitoka dakika nne upande wa pili utasema "ah, moto ulikuwa mbaya." Nimesema wino kwa sababu penseli inafutika, nami najijua.

Hatua ya 3: Tafuta kila kinachoweza kukudanganya

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kupika kwenyewe ni rahisi.

Mara yangu ya kwanza nilijiona mjanja. Jumamosi nilipika yaliyolowekwa, Jumapili nikapika makavu. Jiko lile lile la gesi, sufuria ile ile, maji kwa kipimo kile kile. Tofauti ilikuwa kubwa sana, nikafurahi, nikamwambia kila mtu. Jumatatu asubuhi nilipotaka kuchemsha chai, gesi ikakata. Yaani Jumapili yote mtungi ulikuwa ukielekea kuisha na moto ulikuwa ukififia polepole bila mimi kuona. Nilikuwa nimepima mtungi.

Ndipo nilipoachana na siku mbili, na hata na sufuria mbili. Maharage ya pande zote mbili yaingie kwenye sufuria moja, maji yale yale, moto ule ule, dakika ile ile, kila upande ukiwa ndani ya kifuko chake cha kitambaa. Moto ukififia, umefifia kwa wote. Maji yakiwa na chokaa, ni chokaa ya wote. Jambo usiloweza kulizuia, lifanye liwapate wote sawasawa.

Kitambaa cha kuchujia tui la nazi kinafaa sana. Kichemshe kwanza peke yake kitoe harufu. Usikate chandarua, hata kiwe chakavu namna gani: vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na haya maharage utayala. Kifuko kiwe kikubwa, maharage yacheze ndani. Changu cha kwanza nilikishona kidogo, maharage yakavimba, uzi ukaachia katikati ya mchemko, nikabaki na sufuria ya mchanganyiko isiyoweza kusema lolote kuhusu chochote. Tulikula na wali.

Mtego wa pili ni mizani. Mtu makini atasema, "Nitapima gramu 50 za yaliyolowekwa na gramu 50 za makavu, yawe sawa." Hayako sawa hata kidogo. Punje ikilala majini usiku kucha hunywa maji yanayokaribia uzito wake yenyewe, kwa hiyo gramu 50 za yaliyolowekwa zina punje karibu nusu ya gramu 50 za makavu. Hesabu punje, usipime uzito, na hesabu kabla ya kuloweka. Punje 80 kila upande zinatosha.

Na usizihesabu kwa kuchagua. Mkono una tabia ya kuokota punje nzuri nzuri kwanza, hivyo kifuko cha kwanza kinapata kubwa na cha pili kinabaki na makombo. Chambua mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, changanya zilizobaki vizuri kwenye ungo, kisha gawa moja huku moja kule, kama unavyogawa karata, bila kuzitazama.

Yaliyobaki yapite haraka: maharage yote yatoke gunia moja, yaani usinunue nusu kilo leo na nusu kilo wiki ijayo, maji yatoke ndoo moja, chumvi, vitunguu na nyanya visubiri hadi jaribio liishe.

Kuhusu mahali ulipo: kadiri unavyopanda mlimani ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Tanga mjini, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, mita 1,800 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hata uchochee moto vipi hayapandi zaidi ya hapo bila mfuniko wa kubana mvuke. Kwa hiyo dakika zako za Nairobi usizilinganishe na dakika za binamu yako wa Tanga. Linganisha kifuko na kifuko.

Hatua ya 4: Upande wa kulinganishia

Makavu ndiyo kipimo chako. Bila hayo, dakika za yaliyolowekwa ni namba tupu. Mtu akikuambia "nililoweka, yakaiva kwa saa moja na robo," hajakuambia kitu mpaka aseme yasingelowekwa yangechukua muda gani.

Kosa la kawaida ni kudhani upande wa kulinganishia ni upande wa kuachwa hivi hivi. Sivyo. Unapata kila kitu ambacho wenzake wamepata, isipokuwa kile kimoja. Yaliyolowekwa asubuhi utayasuuza, basi makavu nayo yasuuze wakati huo huo. Hayo yapo kwenye kifuko, nayo haya yawe kwenye kifuko cha kitambaa hicho hicho. Yaliyolowekwa yamelala kwenye bakuli mezani, makavu nayo yalale mezani hapo hapo, si kabatini.

Na hapa kuna jambo lililojificha ndani ya swali. Ukiloweka na kumwaga yale maji, umefanya mambo mawili: umelowesha punje, na umetupa vilivyoyeyuka majini. Katika sufuria yetu moja, yaliyolowekwa yanaingia kwenye maji mapya, kwa hiyo unachojaribu ni "kuloweka na kumwaga." Anayepika na maji yale yale aliyolowekea ana swali lake, alifanyie jaribio lake. Liandike hilo kwenye daftari ili baada ya mwezi usijidai kwamba ulijibu yote mawili.

Hatua ya 5: Amua "limeiva" ni nini

Muulize mama yako na mkeo harage limeiva lini, utapata majibu mawili na pengine ugomvi. Kwa hiyo kabla ya kuanza weka kanuni moja isiyobishaniwa. Yangu ni hii: harage limeiva likipondeka kati ya kidole gumba na cha shahada bila kuacha kiini kigumu. Kila mara natoa punje 5 kutoka kila kifuko. Kifuko kimeiva pale punje zote 5 zinapopondeka, na dakika 10 baadaye 5 nyingine zinapondeka zote. Naandika ile mara ya kwanza.

Maabara za utafiti wa maharage hufanya jambo linalofanana na hilo kwa chuma: punje hupangwa kwenye kifaa, kila moja ikiwa na kijiti cha chuma kilichosimama juu yake, kisha zinachemshwa. Punje ikilainika, kijiti kinaitoboa na kudondoka. Mara nyingi muda wa kuiva huhesabiwa pale vijiti 80 katika kila 100 vinapokuwa vimeanguka. Vidole vyako si vijiti, lakini wazo ni hilo hilo.

Tumia vidole, si meno. Maharage, hasa mekundu, yakiwa hayajaiva yana sumu iitwayo lektini inayotapisha na kuharisha, na mchemko mkali ndio unaoivunja.

Kama unaona kanuni ya namna hii ni kupoteza muda, kumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, alimuuliza mgeni aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakimcheka. Osborne naye alidhani kijana kakosea, lakini alirudi Dar akalijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Mabishano hayajaisha hadi leo, na sehemu kubwa yake inahusu kipimo. "Kuganda" ni nini? Barafu ya kwanza kuonekana, chombo kizima kuwa jiwe, au maji kufika nyuzi 0? Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wanasayansi wa Uingereza, walipima hilo la tatu na kusema hawakuona ushahidi kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kwa kiasi cha sentimita moja tu, mtu anaweza kuona ya moto yakitangulia na kumbe hayakutangulia. Sentimita moja! Ndiyo maana hatua inayofuata ina mwiko.

Hatua ya 6: Pika

Jioni, saa 1 usiku, weka punje zako 80 kwenye bakuli la maji. Nyingine 80 ziweke kavu kwenye bakuli jingine kando yake.

Asubuhi zisuuze zote. Tia kila kundi kwenye kifuko chake, funga kwa uzi mweupe. Usitumie uzi wa rangi kuvitambulisha. Kwanza rangi huchuja, nami nilishapata vifuko viwili vya pinki. Pili, anayeponda hapaswi kujua kipi ni kipi. Piga fundo moja kwa kifuko kimoja na mafundo mawili kwa kingine, na maana ya mafundo iandike kwenye karatasi iliyokunjwa.

Chemsha lita 2 za maji hadi yatokote kweli kweli. Laza mwiko juu ya mdomo wa sufuria, funga nyuzi za vifuko vyote viwili kwenye mpini wake ili vining'inie kwa kina kimoja, vyote vikiwa mbali sawa na katikati ya moto. Ncha za nyuzi zikate fupi zisifikie mwali. Zamisha vyote kwa pamoja, washa saa. Kwa kuwa mwiko unazuia mfuniko, maji yatapungua. Weka birika la maji yanayochemka karibu na uongeze kutoka humo. Ukiongeza ya baridi unasimamisha mchemko, na umejiletea jambo jipya ambalo hukulipanga.

Dakika ya 30, na baada ya hapo kila dakika 10, toa punje 5 kutoka kila kifuko. Hapa unahitaji mwenzako. Wewe unatoa na kuweka kwenye visahani viwili vilivyoandikwa kwa chini, mahali pasipoonekana; yeye anaponda na kusema "tatu," "tano," na wewe unaandika bila kukunja uso. Acha zipoe dakika moja, asiungue. Kwa punje 80 utafika hadi dakika ya 180, na kama kifuko hakijaiva hadi hapo, andika "zaidi ya 180." Usikisie.

Nikiri kwamba kuficha huku si kamili. Mwanzoni mpondaji makini ataona tofauti, kwa kuwa yaliyolowekwa yamevimba na makavu bado yana mikunjo. Baada ya saa moja hivi hufanana. Bado ni bora kuliko kuponda mwenyewe, maana anayetamani jibu fulani huponda kwa nguvu upande anaoupenda. Sisemi anadanganya, ni vidole tu.

Hatua ya 7: Rudia, kisha usome

Mara moja haitoshi. Fanya mara tatu, siku tofauti, gunia lile lile. Mara ya pili na ya tatu rusha sarafu kuamua kifuko kipi kipate mafundo mawili, mwenzako asizoee.

Tuseme daftari linasema: yaliyolowekwa dakika 70, 80, 70, makavu dakika 110, 120, 100. Hata kabla ya kukokotoa wastani, angalia hivi: lililochelewa kuliko yote upande wa kwanza ni 80, lililowahi kuliko yote upande wa pili ni 100. Hazijapishana. Hapo una haki ya kusema kuloweka kumefanya kazi, na ukitaka namba moja ya kumwambia jirani, toa wastani: 73 hivi dhidi ya 110.

Tuseme badala yake ni 70, 100, 80 upande mmoja na 90, 80, 110 upande wa pili. Wastani bado unatofautiana, 83 hivi na 93 hivi, na hapo ndipo watu wengi hukimbilia kutangaza. Lakini tofauti ya siku hadi siku ndani ya upande mmoja ni dakika 30, na unachodai ni dakika 10. Rudia mara nyingine kadhaa au kubali hujui. Andika hivyo hivyo, "sijui." Jaribio lililotoa "sijui" halijaharibika, lililoharibika ni la kifuko kilichopasuka, nalo liandike pia, na sababu yake.

Na unapoandika hitimisho, lisizidi ulichopika. Umejaribu maharage ya njano ya gunia moja, kwa maji ya bomba lako. Hujajaribu maharage ya dunia, sembuse choroko.

Hatua ya 8: Sufuria moja inaposhindikana

Sasa geukia magadi. Hapa hila yetu inakwama, kwa sababu magadi yanakaa majini, na maji ni ya vifuko vyote. Lazima sufuria mbili, na kwa hiyo moto mara mbili.

Plate mbili za jiko la gesi hazilingani hata zikifanana kwa macho, majiko mawili ya mkaa ndiyo kabisa. Dawa yake ni kubadilishana. Siku ya kwanza yenye magadi ikae kushoto, isiyo na magadi kulia. Siku ya pili kinyume chake. Siku ya tatu na ya nne rudia. Kama plate ya kushoto ni kali, imezipa pande zote mbili upendeleo ule ule mara mbili mbili, na unapojumlisha upendeleo unajifuta. Sufuria nazo ziwe na ukubwa na unene mmoja, au nazo zibadilishane.

Magadi yenyewe yana kasoro moja: bonge moja si sawa na jingine, kwa kuwa hutoka ziwani yakiwa na chumvi nyingine na udongo ndani yake. Ponda bonge zima, chekecha, changanya, uhifadhi kwenye kopo, ndipo upime kutoka kwenye kopo hilo siku zote nne. Robo kijiko cha chai kwa lita moja ya maji ni mwanzo mzuri. Yanalainisha kwa sababu maji yanakuwa na alikali, na alikali hulegeza gundi inayoshikilia seli za harage. Alikali hiyo hiyo huharibu vitamini B1, kwa hiyo ukikuta magadi yanashinda mbio, bado kuna swali lingine la kujiuliza kabla ya kuyatia kila siku.

Hatua ya 9: Kipimo kikiwa ulimi

Shangazi yangu hanywi chai ya gesi. "Mwanangu, chai ya gesi naijua kwa harufu tu, hata ukinifunga macho." Mimi nikamwambia, "Shikamoo shangazi, basi leo tunakufunga." Akacheka, akakubali.

Namna ya kulijaribu hili ilishafikiriwa zamani. Miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alisema anaweza kuonja chai na kujua kama kikombeni yalitangulia maziwa au chai. Mwenzake Ronald Fisher, mtu wa takwimu, akapanga vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vimechanganywa, na mwonjaji anaambiwa achague vinne. Ujanja uko kwenye hesabu: kuchagua 4 kati ya 8 kuna njia 70, na njia moja tu ndiyo sahihi yote. Mtu anayebahatisha atapatia vyote mara moja katika 70. Hiyo si bahati ya kila siku.

Chai yetu ya maziwa inachemshwa pamoja, kwa hiyo swali la Bristol halina maana hapa, lakini vikombe vyake vinafaa. Tulichemsha sufuria mbili, moja mkaani na moja kwenye gesi, majani yale yale, maziwa ya pakiti moja, sukari kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, tukahesabu dakika zile zile tangu ilipochemka. Kisha kila chai ikaingia kwenye chupa yake, chupa mbili za aina moja, ikakaa robo saa. Hilo la chupa ni muhimu, kwa sababu la sivyo chai moja inakuwa ya moto zaidi na ulimi unatambua joto badala ya moshi.

Vikaratasi 8 vikatiwa kwenye kopo, vinne M na vinne G, binti yangu akavichomoa kimoja kimoja, akamimina kufuata mpangilio uliotoka, akaandika, akatoka nje. Mimi nikaingia kupeleka vikombe bila kujua kipi ni kipi, maana ningejua, uso wangu ungemwambia. Kati ya kikombe na kikombe alisukutua kwa maji ya vuguvugu.

Alichagua vikombe vinne vya mkaa. Vitatu vilikuwa vya mkaa kweli, kimoja cha gesi. Nyumba nzima ikashangilia: amepatia vitatu katika vinne! Nikatoa daftari. Kati ya zile njia 70, zinazotoa vitatu sahihi ni 16, na ya vinne ni moja. Jumla 17. Yaani mtu asiyejua lolote angefanya vizuri kama yeye au zaidi karibu mara moja katika nne. Nikamwambia, "Shangazi, hii haijatosha. Sijasema huwezi. Nasema vikombe hivi haviwezi kututofautishia."

Hakukasirika. Aliinua kikombe akakinusa kikiwa kitupu. "Umeninywesha kwenye plastiki," akasema. "Plastiki ina harufu yake. Ulitaka nisikie moshi kupitia plastiki?"

Nilikagua orodha yangu ya mambo ya kusawazisha. Vikombe vyote vilikuwa vya aina moja, kwa hiyo havikumpendelea yeyote, lakini ni kweli vingeweza kumfunika pua kwa chai zote mbili. Sikuwa nimelifikiria. Nimeazima bilauri 8 za kioo kwa jirani, na Jumamosi tunarudia.